Kikwembe cha Defense ya Yaya Anaclet

Ba papa, ba mama, ba ndugu bote mulioacha kazi zenu kuja kulia na sisi, mimi ni Marceline, ndogo wake wa kumufuata, mushonaji wa Kamalondo, na jamaa imenipa kazi ya kusoma maisha ya yaya, kaka yangu mukubwa, hata kama nilikataa mara mbili.

Anaclet Katongo alizaliwa Mitwaba tarehe 11 Julai 1981, mutoto wa kwanza wa papa Gérard na mama Jeanne, na mwaka wa 1988, papa alipopata kazi ya reli, tulishuka Lubumbashi, tukakaa commune ya Kenya, mutaa wa hapa Lubumbashi, ambako alisoma mpaka diplome d'État ya kumaliza secondaire mwaka wa 2000, kisha akapata licence ya fizikia, shahada ya universite, tarehe 22 Julai 2006, akafundisha secondaire miaka mitatu, na mwaka wa 2009 akaitwa assistant kwenye universite.

Tarehe 6 Agosti 2011 alioa Syntiche Chola, Mungu akabapa Deborah mwaka wa 2012 na Paulin mwezi wa tatu 2015, na uniforme zao alizifua yeye mwenyewe, vibaya, sabuni ikibaki kwenye kola.

Thèse yake, kitabu cha kumufanya docteur, ilikuwa kutafuta kwa hesabu uzito wa protoni, kitu kidogo sana kilicho ndani ya kila kitu tunachogusa. Alikuja siku moja atelier yangu, akachukua kipande cha kitambaa cha miraba, akanieleza kwamba ulimwengu wote hauingii ndani ya ordinateur, basi banakata kipande, banashona pindo moja na ingine, na protoni ikitokea huku inaingilia kule, lakini kitambaa kikiwa kidogo, inazunguka na kujigusa mugongo, na uzito unaotoka si wake.

Defense, siku ya kutetea thèse mbele ya balimu, ikawekwa tarehe 16 Oktoba 2021, jamaa yote ikanunua kikwembe kimoja, kitenge cha sare, kama desturi yetu, nikashona nguo makumi ine na moja, na juma moja na zaidi mbele ya siku ile, yaya akajaribu kugeuza mushono ule wa hesabu zake, kuunganisha pindo kwa namna ingine, uzito ukabadilika. Uzito wa kweli hauangalii mushono, alisema, muntu hanenepi kwa kubadilisha nguo, na ijapokuwa hakuna mwalimu hata mumoja aliyeona kosa, alienda mwenyewe kuondoa thèse.

Tarehe 9 Oktoba, mbele ya jamaa yote, nilisimama nikamuambia kwamba ametupatisha haya, kwamba kiburi cha vitabu kimemuharibu, nikafunga nguo zote ndani ya sanduku, na miaka tatu sikukanyaga kwake.

Alianza upya na kitambaa kikubwa zaidi, umeme ukikatika anarudilia, mpaka figo zikamuangusha mwezi wa kumi na moja 2024. Tarehe 28 Aprili mwaka huu, mushono wa kwanza na wa pili ikatoa uzito mumoja, Syntiche akamusomea namba pale kitandani, akaomba amusomee tena, na defense mupya ikawekwa tarehe 24 Mei. Tangu alipoanguka, mimi nilimupelekea bouillie, uji, kila siku, tukaongea juu ya chumvi na batoto, lakini sikuomba musamaha, kwa sababu nilimutukana mbele ya bantu na nilitaka kumuomba mbele ya bantu, siku ya defense, nikijua siku iko. Siku haikufika. Alitutoka tarehe 6 Mei, saa mbili ya asubuhi.

Nguo munazoona tumevaa leo ni zile za sanduku, ya Paulin niliongeza kipande maana niliikata akiwa na miaka sita, na ya yaya, anayolala nayo hapa mbele yenu, nilipunguza kwenye mabega, nikapunguza tena.

Tunashukuru ba docteur na ba infirmier bote, majirani ba Kenya balioteka maji ya kilio hiki, na balimu benzake, ambao bametuletea leo thèse yake yenye kufungwa vizuri, na tumeiweka chini ya mukono wake.

Yaya, hakuna aliyetupatisha haya isipokuwa mimi, bantu ni bale-bale, banasikia, nisamehe. Pumzika kwa amani, yaya wangu.