Hakimu Aliyeuliza Umelala Wapi

Mheshimiwa Tusajigwe Mwakibete, Hakimu Mkazi, anastaafu Juni 30 mwaka huu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Alianzia Kyela, akapita Kilosa na Kinondoni, na tangu hapo amekuwa nasi hapa Temeke. Hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku kuku aliyeletwa kama kielelezo aliporuka na kutua kwenye meza ya karani.

Anaishi Sinza, ukuta mmoja na baa. Wakati akiwa Kinondoni alimwomba meneja apunguze muziki, akajibiwa, "Mama, hamia Mbweni kwenye utulivu." Hakutaja cheo chake. Baadaye meneja huyo alifikishwa mbele yake kwa kosa lingine kabisa. Mheshimiwa alijitoa kwenye kesi papo hapo, akieleza kwamba mshtakiwa ni jirani na wana ugomvi wa muziki.

Kila mshtakiwa aliyetoka polisi, Mheshimiwa alimuuliza kwanza amelala wapi. Waendesha mashtaka wapya walidhani ni salamu za kabila lake, za Kinyakyusa. Kumbe sheria inawapa polisi saa ishirini na nne kumfikisha mtu mahakamani, na jibu lilionyesha kama zimeheshimiwa.

Kesi tunayoikumbuka zaidi ni ya Khalfani, fundi wa kuchomelea wa Chang'ombe, aliyeshtakiwa kwa wizi wa nyaya za umeme. Mitaa mitatu ilikuwa gizani na ukumbi ulijaa watu wenye hasira. Wakili wa Serikali, Brightson, alipinga dhamana akisema upelelezi haujakamilika na mshtakiwa angetoroka. Mheshimiwa akauliza swali lake. Khalfani akajibu kwamba amelala kituoni tangu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Brightson alieleza kwamba wenzake Khalfani walikuwa bado wakitafutwa. Mheshimiwa alimsikiliza hadi mwisho.

"Serikali ina kituo, ina magari, ina silaha, na ina wewe," alisema. "Huyu ana saa ishirini na nne tu, nazo mmezichukua."

Alitoa dhamana kwa wadhamini wawili. Nje, Zubeda, muuza samaki ambaye samaki wa friza lake zima walikuwa wameoza, alimsubiri mlangoni. "Mama, wewe huna friji?" Mheshimiwa alimwambia anayo, na huko Sinza nayo huzimika umeme ukikatika, na akamwomba aje kutoa ushahidi.

Siku ya kesi Khalfani hakuonekana. Minong'ono ilianza kwamba hakimu ameachia mwizi. Brightson aliomba hati ya kumkamata. Mheshimiwa alisema atamaliza kwanza kesi nyingine, akaendelea na kazi. Karibu na adhuhuri mlinzi alimkuta Khalfani chumba cha pili, kati ya wadhamini wake. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa humo kimakosa wakisikiliza kesi ya talaka ya watu wasiowajua, kila mmoja akiogopa kunyanyuka.

Ushahidi ulisikilizwa, wa Zubeda ukiwemo. Kosa lilithibitika na Mheshimiwa alimfunga miaka miwili. Waliomlaumu kwa dhamana walimsifu siku hiyo. Yeye alisema sheria ni ileile iliyotumika mara zote mbili. Brightson, ambaye sasa ni mkuu wa ofisi yake, anasema tangu kesi ile huwauliza polisi swali hilo mwenyewe kabla ya kuja mahakamani.

Alipomaliza kifungo, Khalfani alirudi kwenye karakana yake na kumletea Mheshimiwa meza ya chuma. Ilirudishwa siku hiyohiyo, na maelezo ya upole kwamba hakimu hapokei kitu kutoka kwa mtu aliyemhukumu.

Mheshimiwa anahamia Chanika kufuga kuku. Tunamshukuru kwa subira, kwa mfano wake, na kwa kutufundisha kunyamaza mtu anapojitetea. Mungu ampe afya, usingizi usio na muziki wa jirani na uzee wenye amani. Geti la banda ameshaliagiza, amekwenda Chang'ombe mwenyewe. Amemwambia Khalfani asianze kuchomelea hadi atakapokabidhi ofisi.