Rejeta Nne za Verlyn

Mheshimiwa Meya Sorvari. Mchungaji Karin, mwenye ukumbi huu. Bwana Brekke, mwenye karakana. Mafundi bati mlio kazini na mliotangulia kustaafu. Ndugu wanachama wa klabu ya kompyuta, ambao naona mmejipanga wote kwenye ukuta wenye plagi. Akina mama wa jikoni. Na ninyi majirani mliokuja kwa ajili ya keki tu, ambao nawaheshimu kuliko wote kwa sababu hamjifichi: hamjambo?

Bwana Brekke ameniomba niseme maneno machache, kwa dakika tatu, juu ya mume wangu Verlyn Haugen, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na nne ya kukata na kukunja bati. Dakika tatu, Bwana Brekke? Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tisa. Dakika tatu hazinifikishi hata kwenye fungate.

Nianze kwa kuwauliza. Ni nani humu ambaye hakupata joto nyumbani kwake Januari iliyopita, wakati hata mbwa walikuwa wanakataa kutoka nje? Lile joto lilipita katika njia za hewa alizozikata Verlyn, akazikunja, akazifunga kwa mikono yake. Shuleni ni yeye, benki ni yeye, hapa kanisani ni yeye. Mheshimiwa Meya, hotuba zako zote za majira ya baridi umezitoa ndani ya joto la Verlyn, na labda ndiyo maana watu walikuwa wanasinzia.

Ni mtu mwema. Halewi, hagombi, na akikuahidi Jumanne anakuja Jumanne. Ila ana ugonjwa mmoja ambao mimi mkewe sijaupatia dawa: akiona kitu chochote chenye umbo la kasha, mkono unaenda kwenye mkasi wa bati. Sanduku la barua amelitoboa. Banda la kuku la dada yangu amelitoboa, na kuku walihama kwa siku mbili. Kwa hiyo leo nataka kuwaeleza habari za kasha lile mnaloliona pale mezani, kando ya keki, kwa sababu wengi mmeniuliza kama ni kompyuta au ni jiko.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi husomea vitabu watu wasioona. Huu ni mwaka wa kumi na tisa najifungia katika kabati la makoti, kati ya koti la Verlyn la kuvulia samaki kwenye barafu na gauni langu la harusi, nasoma mbele ya maikrofoni, na kompyuta iliyo nje ya mlango inarekodi. Kisha napeleka maktaba, huko Saint Paul. Msikilizaji wangu mkubwa mnamfahamu: Bibi Inkeri Lahti, aliyetufundisha hesabu nusu yetu humu ndani, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye macho yamemwacha lakini ulimi bado anao.

Mwezi wa pili nikapata barua ya adabu kutoka maktaba. Walisema nyuma ya sauti yangu kuna upepo. Sura za mwanzo waliuvumilia, lakini upepo umezidi, na sura tatu za mwisho hawawezi kuzipokea. Nisipozirudia zikiwa safi kufikia Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu, kitabu kizima atapewa bwana mmoja wa huko huko mjini, akisome upya toka ukurasa wa kwanza. Bwana huyo nimewahi kumsikia. Anasoma habari za mauaji kama anasoma maelekezo ya kufua sweta.

Na kitabu chenyewe kilikuwa cha mauaji. Daktari ameshakufa, mpelelezi ameshamshuku kila mtu mpaka mtunza bustani, na zimebaki sura tatu. Nikampigia simu Bibi Inkeri kumweleza. Akasema, "Ardis, mwanangu, huyo bwana akianza upya atamaliza lini?"

Nikamwambia, "Labda mwezi wa nane, mwalimu."

"Nina miaka tisini na mitatu. Wewe unanidhamini nifike mwezi wa nane?"

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi nikalia, na sioni haya kulisema hapa.

Upepo wenyewe ulikuwa feni za kompyuta ya Verlyn, hiyo anayochorea njia zake za hewa, ambayo ikipata moto hulia kama inafukuzwa. Najua mnachowaza. Si angekununulia kompyuta nyingine, isiyopiga kelele? Ndiyo, mke wa mtu wa kawaida angenunuliwa kompyuta. Mimi nimeolewa na Verlyn. Aliisoma ile barua amesimama, akavua miwani, akasema, "Usinunue kitu. Nipe wiki mbili."

Kesho yake alikuja Gordy Maki, mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, akanifafanulia jikoni kwangu huku akimaliza keki yangu. "Shemeji, ni kama lori tu. Maji yanapita kwenye ubongo wa kompyuta, yanachukua moto, yanaupeleka kwenye rejeta, feni zinaupuliza. Ukiwa na rejeta ya kutosha, feni zinazunguka polepole, wala huzisikii."

"Ya kutosha ni ngapi?"

"Moja inatosha. Mbili ni anasa."

Verlyn aliweka kikombe chini. Akasema, "Nne."

"Nne, Verlyn? Unapoza kompyuta au unapoza kiwanda?"

"Nne."

Ndugu zangu, kasha lile lilitengenezwa kubeba rejeta moja, na hiyo moja iingie kwa kubanwa. Lakini watu wa klabu wana desturi yao: hukati bati kabla hujakata boksi. Kila rejeta unaitengeneza kwanza kwa karatasi ngumu, unaipachika, unaona kama itakaa. Verlyn alitaka maboksi ya nafaka, zile za kifungua kinywa, na maboksi yalikuwa bado yamejaa. Kwa hiyo tulikula nafaka asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, tuyamalize. Ndipo akakata. Rejeta ya kwanza juu, ya pili mbele, ya tatu sakafuni, na kwa ile ya nne, palipokosekana nafasi, akaunda kibanda cha bati akakifunga nyuma, kasha likaonekana limebeba mtoto mgongoni. Siwezi kusema uongo kanisani: kazi ilikuwa safi. Kingo zote zilikunjwa vizuri hata ungeweza kupitisha soksi ya nailoni isikwaruzwe.

Halafu ikaja ile Jumapili. Desturi yao nyingine ni hii: kabla ya kuwasha kompyuta unaizungusha pampu peke yake siku nzima, umetandika karatasi za chooni kila mahali, uone kama zitalowa. Akaiweka juu ya meza yangu ya kushonea, akatia maji ya kijani, kwa kuwa Verlyn anapenda kijani, na baada ya ibada wageni wakaja kunywa kahawa. Mchungaji Karin ni shahidi wangu. Mchungaji, ulisema nini? Ulisema, kwa upole wako ule, "Ardis, kompyuta yenu inatokwa na jasho."

Karatasi zililowa juu, mbele na mgongoni. Kitambaa cha meza, alichonidarizia mama mkwe wangu, kikawa kijani na kijani mpaka leo. Gordy akachomoa skrubu moja, akailaza kando ya rejeta, akaitazama kwa muda mrefu.

"Verlyn, hizi skrubu umezitoa wapi?"

Verlyn aligusa mfuko wa shati.

Naona mafundi bati mnainamisha vichwa. Mnaujua huo mfuko. Kwa miaka thelathini na nne Verlyn ametembea na skrubu za bati za kipimo kimoja mfukoni, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kujiuliza skrubu inapotokeza upande wa pili inakutana na nini, maana nyuma ya bati lake kuna hewa tu, na hewa ukiitoboa hailalamiki. Mtu mwingine yeyote angetumia zile fupi zilizokuja na rejeta kwenye kifuko. Fundi aliyebobea ndiye peke yake anayeweza kukosea namna ile. Alifunga skrubu arobaini na nane bila kusita, akatoboa matundu tisa katika rejeta tatu.

Alikwenda kukaa gereji. Nilimkuta juu ya ndoo, ameshika kile kifuko cha skrubu fupi, hakijafunguliwa. Akasema, "Nimeharibu, Ardis. Wapigie simu. Yule bwana asome."

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilikuwa na hasira, nawaambia kweli, na hasira yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Bibi Inkeri zaidi kuliko kitambaa. Nikamwambia, "Umelehemu bati miaka thelathini na nne. Matundu tisa yanakushinda?"

"Si bati hii. Ni shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza kama yanakushinda."

Akanitazama. Akainuka kutoka kwenye ndoo.

Alilehemu yote tisa, Jumatatu nzima, na mimi nikamshikia taa. Kilichobaki mnaweza kudhani kilikuwa rahisi, kwani zile skrubu fupi si zilikuwepo? Zilikuwepo, ila mume wangu alikuwa amekwisha kuyapanua matundu ya kasha yatoshe zile za mfukoni, na zile fupi zikawa zinapwaya. Basi nilikaa mezani na tupa nikazikata zile ndefu moja moja, arobaini na nane, mpaka vidole vikaota malengelenge. Pampu ikazunguka siku nzima ya Jumanne na karatasi zikabaki kavu. Jumatano nikaingia kabatini kwangu, na Ijumaa asubuhi sura tatu zilikuwa Saint Paul.

Maktaba wakazipokea, na wiki iliyofuata Bibi Inkeri akanipigia simu. "Ardis, ule upepo umekwenda wapi?"

"Tumeuondoa, mwalimu."

"Kumbe ulikuwa wenu? Mimi nilidhani ni dhoruba ya humo kwenye hadithi. Nikawa nashangaa mbona hakuna anayevaa koti."

Nikamuuliza kazi ya Verlyn anaionaje. Akafikiri. "Si mbaya," akasema. Ninyi ni watu wa hapa na mnajua uzito wa neno hilo: kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Siku ya harusi yetu mimi mwenyewe niliambiwa hivyo hivyo na bwana harusi. Nilipompelekea Verlyn salamu hizo aligeuka upande wa dirisha, akafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Bwana Brekke amempa saa ya ukutani, na tunashukuru. Mimi nampa chupa hii ya jemu. Ndani yake mna ncha arobaini na nane za skrubu, kila moja nimeikata kwa mkono wangu. Verlyn, kuanzia kesho utakuwa nyumbani kutwa nzima, na nyumba yetu ina makasha mengi. Kila ukitaka kutoboa, tikisa kwanza chupa.

Namalizia. Tangu mlipoingia mmekuwa mkimuuliza Gordy kompyuta ile itawashwa saa ngapi ili mwone maajabu ya rejeta nne. Ndugu zangu, imewaka. Imewaka tangu sala ya Mchungaji, na inarekodi. Tulieni kidogo, msikilize.

Mmesikia nini? Friji ya kanisa, na Meya akikohoa. Kazi ya mume wangu imekuwa hiyo maisha yake yote: akiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba ipo. Leo nimetaka ijulikane.

Bibi Inkeri, najua theluji hii ya Aprili na nyonga yako inayouma vimekuzuia kuja, na kesho utanisikia ukiwa kitandani kwako. Makofi yatakayofuata ni ya Verlyn, na hakuna dhoruba ndani yake. Kwenu nyote mliokaa hapa mkanivumilia, na kwako wewe uliye mbali na bado unanisikia vizuri, asanteni sana kwa masikio yenu.