Mfalme Asgall, Tuliyemtoa Sisi Wenyewe

Mgeni rasmi, Mama Mkuu Raghnailt binti Asgall. Masista mliofuatana naye. Mabaharia mliowavusha salama. Wakaazi wenzetu mliokusanyika hapa kwenye kilima cha baraza:

UKARIBISHO

Sisi watu wa kisiwa cha Hallarey tunakukaribisha. Tulipopata habari kwamba Askofu anatuma mtu aje aone kama kanisa letu linastahili kupewa padri, tulifurahi. Tulipotajiwa jina lako, tuliikumbuka siku uliyoondoka. Uliondoka hapa ukiwa na miaka sita, na leo imetimia miaka kumi na tisa tangu siku ile. Katika barua yako umetutaka tukusimulie maisha ya baba yako, kwa kuwa wewe unakumbuka ndevu zake tu na harufu ya moshi katika joho lake.

Risala hii ilileta ubishi. Wapo waliosema tutaje mema peke yake, padri apatikane kwanza. Bibi Gyda, mjane wa fundi wa mashua, akawaambia, "Mkizungushazungusha maneno, nipeni nisome mwenyewe." Basi tumeandika yote.

HISTORIA

Asgall mwana wa Torkel alitawala miaka ishirini na minne, na aliingia vibaya. Baba yao alipokufa, yeye na kaka yake Manus waligombea kiti. Asgall akashinda, akaamuru Manus atobolewe macho yote mawili asiweze kutawala. Aliamuru yeye mwenyewe, hakumsingizia mtu. Wafalme wa visiwani walifanya hivyo siku zile, kisha wakasahau.

Baba yako hakusahau. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Manus, akamshika mkono amwongoze kanisani. Manus alimtemea mate mlangoni. Jumapili ya pili alikwenda tena. Alikwenda kila Jumapili ya utawala wake, hata upepo ulipokuwa unaezua mapaa, na hatukuwahi kuwasikia wakisemezana njiani zaidi ya "jiwe" na "ngazi".

MAFANIKIO

Alifuta desturi ya mfalme kuchukua ng'ombe bora wa kila mjane. Ukuta wa mawe mlioupita bandarini ni wake, naye alibeba mawe kama sisi. Mwaka wa njaa kuu, shayiri ilipooza shambani, alichinja kondoo wake wote akatugawia. Walipokwisha alishuka ufukweni kubandua konokono wa miambani pamoja nasi kwenye maji ya barafu, mpaka kucha zikamtoka. Mama yako alikuwa na mimba yako wakati huo. Alikuzaa ukiwa hai, ila yeye mwenyewe hakuamka tena.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo penye uzito.

Mfalme wa bara alitaka wafalme wote wa visiwani wampigie magoti. Baba yako alikataa. Zikaja merikebu arobaini, wiki ile ile ya mavuno. Tukaambiwa tumtoe Asgall ndani ya siku tatu, la sivyo shayiri yote itachomwa.

Tulikutana hapa hapa mnapokaa. Hatukumwita. Tuliijua njaa, tulikuwa bado tunaiota. Watu mia moja na kumi na wawili tulinyoosha mikono atolewe. Mmoja tu alikataa. Manus alisimama akiwa ameshika fimbo yake, akasema, "Mimi simtoi," akakaa.

Mimi ninayesoma, Eoin mwana wa Kolbein, ndiye niliyetumwa kumwambia. Nilimkuta akigeuza shayiri kwenye sakafu ya kukaushia.

"Wamesemaje, Eoin?"

"Wamesema uende, bwana."

"Wote?"

"Isipokuwa Manus."

Akakaa juu ya gunia. "Huyo ndiye peke yake aliyekuwa na haki ya kunitoa," akasema. Kisha akaniuliza Jumapili nani atamshika mkono kaka yake. Nikamwahidi kwamba tutamshika.

Alishuka bandarini kwa miguu yake, bila kufungwa, macho yake chini. Pale nahodha wao akakuona mikononi mwa Gyda, akasema na mtoto pia aje. Hilo hatukulipigia kura. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesogea kumzuia. Ndipo baba yako alipoinua uso akatutazama. Padri wetu naye alipanda merikebu ile bila kuitwa. Alisema hawezi tena kutusomea misa.

Shayiri iliokoka. Tuliila mwaka mzima, na hakuna aliyeisifu.

Manus aliikataa mikono yetu. Alikwenda kanisani peke yake, akipapasa kuta, akakaa mbele ya altare isiyo na padri. Mwaka wa tatu tulimkuta amekufa kwenye ngazi. Mwaka wa nne tukasikia kwamba Asgall naye amefia bara, katika mnara. Tangu padri aondoke tumewazika watu wetu tisini na watatu bila sala ya padri.

MAOMBI

Tunaomba padri, kwa ajili ya watoto, ambao hawakuwapo. Ukiona sisi hatustahili, aje kwa ajili yao, nasi tutasimama nje ya mlango.

Tunaomba, kama unajua alipolazwa baba yako, utuambie. Tutapiga makasia wenyewe kwenda kumchukua. Kama hutaki tumguse, tuambie hilo pia.

Ombi la tatu tulilifuta, Gyda akalirudisha. Mezani kuna mkate wa shayiri na samaki mkavu. Tunaomba ule nasi leo. Usipoweza, hatutakuuliza sababu.

Mungu akulinde baharini na nchi kavu. Awarehemu Asgall na Manus, na mama yako aliyelala hapa kwetu. Sisi atufanyie aonavyo haki.

Kati ya walionyoosha mikono siku ile, tuliobaki hai ni thelathini na mmoja. Tumesimama mstari wa mbele, kofia mkononi, upate kutuona nyuso mmoja mmoja.

Ni sisi,
Watu wa Hallarey.