Heino Kaldoja, Mvalisha Ndege Vipete

Wafiwa, majirani, nanyi mliosimama kwenye theluji huko nje kwa sababu Mjomba amelijaza kanisa, jambo ambalo akiwa hai hakuliweza, familia imenituma nisome wasifu wake, mimi mpwa wake Rasmus, mtega ndege wa pili kwa ustadi hapa Võru, wa kwanza akiwa huyu aliyelala mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1947 kijijini Rõuge, akasoma hapo hadi 1962, akanizidi mimi darasa moja tu la elimu, na hakuchoka kunikumbusha, kisha akawa fundi umeme wa kiwanda cha maziwa hadi alipostaafu 2010, na kila Jumapili ya majira ya baridi alitandaza wavu bustanini, akawavalisha ndege kipete chenye namba mguuni, apate kujua mwakani nani kanusurika na baridi.

Ndoa yake ililetwa na ndege haohao, kwani Januari 1973 jirani mgeni, Leida, alitundika mtini mafuta ya nguruwe yenye chumvi, ambayo ni sumu kwao, Mjomba akaruka uzio akifoka, "We dada, unaniulia ndege wangu!", naye akamjibu, "Wako? Mbona wanashinda kwangu?", wakafunga ndoa tarehe 9 Juni, wakajaliwa Maarika na Toomas.

Mwaka 2022 mikono ilianza kumtetemeka, na mwenye mkono wa kutetemeka hashiki ndege, sheria aliyotufundisha mwenyewe, hivyo akanikabidhi koleo la kubania vipete bila kuambiwa, akakaa dirishani akinizomea, "Taratibu, Rasmus, hiyo si nyanya!", ila hamu ya kushika mara moja tena haikumtoka.

Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, nilimlaza chali kiganjani mwake ndege wa kifua cha njano, Leida akiutegemeza mkono ule kwa chini, ndege akatulia tuli, maana wakilazwa hivyo huwa hawajui kwamba hawashikwi tena, mpaka Mjomba alipompulizia kifuani, akaruka.

Alifariki Ijumaa iliyofuata, usingizini.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, wenzake wa kiwandani, nanyi majirani, ambao kwa miaka hamsini mlifungia paka wenu ndani kila Jumapili, mkinung'unika.

Mjomba, hakuna anayekushika tena, ruka, upumzike kwa amani.