Mpira wa Rekodi Iliyofutwa

Benchi letu liko nje ya duka la Lottie la donati, hapa Milwaukee, na kila asubuhi kahawa yake ndiyo inayotuchochea kubishana. Jana Clete Barlow alikiri kwenye televisheni: ule msimu aliovunja rekodi ya besiboli kwa kupiga mipira mingi mpaka jukwaani, alikuwa akitumia dawa za kusisimua misuli. Rekodi imefutwa. Na mpira wenyewe wa rekodi anao Stan, tunayemwita Kiwiko, maana ili audake jukwaani alimpiga kaka yake Ray kiwiko cha mdomo, jino likang'oka. Miaka sita hawasemeshani. Leo kaja na mpira ndani ya kisanduku chake cha kioo, uso umemshuka.

— Uza upesi, Kiwiko, akasema Wakili, ambaye mahakamani kaingia mara moja tu, akashindwa.

— Nani anunue? Nimewapigia simu wale wanaonunua kumbukumbu za michezo. Wamenicheka.

— Kwani mpira ndio uliodungwa sindano?

— Hata aliyemrushia Barlow mpira alidungwa! akadakia Daktari, aliyestaafu kuuza dawa za farasi. Dawa kwa dawa, ngoma droo. Rekodi irudi!

— Acha zako, Daktari!

— Ngoja, akasema Daktari. Na wewe Kiwiko, siku ile ya kudaka ulimeza nini?

— Mimi? Vidonge vya mgongo tu.

— Vingapi?

— Vinne. Na bia.

Wakili aliruka nusura amwage kahawa.

— Haya! Nawe ulitumia dawa! Udakaji wako umefutwa!

— We mwehu nini?

— Umefutwa, nasema! Aliyekuwa anafuata ni Ray. Mpira ni wake.

Tulicheka mpaka Lottie akachungulia dirishani. Stan hakucheka.

— Lile jino alilitafuta chini ya viti, akasema. Mimi napigwa picha.

Roho iliniuma, jamani.

— Si umpelekee, nikamwambia.

— Leo leo. Kabla sijabadili mawazo.

Tukaufunga kwenye boksi la donati, Wakili akaandika juu: MALI YA RAY KISHERIA. Mara akapita Bernice, mleta barua mpya wa mtaa, tukamkabidhi huku tunapiga makofi. Akaligeuza boksi huku na huku.

— Sasa huyu Ray anakaa wapi?

Wakili akamtazama Daktari, Daktari akanitazama mimi, sote tukamgeukia Stan.

— Alikuwa Mtaa wa Burnham, akasema. Zamani.

— Na siku hizi, mzee wangu?

Hakuna aliyejua. Hata ndugu yake wa tumbo moja.