Térence Nzobonimpa na Ngano Ambayo Haijapimwa

Wapendwa mliofika Kamenge kutufuta machozi, familia inawasomea maisha ya Térence Nzobonimpa, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule Mugamba, mtoto wa nne wa mkulima wa ngano, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari Bururi, na mwaka 1987 akamaliza masomo ya kilimo katika Chuo Kikuu hapa Bujumbura.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mtafiti wa ngano, mwaka 1990 akafunga ndoa na Daphrose, mwalimu wa Mutakura, Mungu akawajalia Raïssa na Claude, watoto waliozoea kuambiwa baba yuko milimani, maana ukungu wa masuke ulikuwa ukiwaachia wakulima punje zilizosinyaa, zisizofaa hata kwa kuku, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Tangu mwaka 2013 alitafuta mbegu ya kuustahimili ukungu huo, na njia yake iliwashangaza wengi, kwani alimwaga ugonjwa shambani kwa mkono wake mwenyewe, ili ngano dhaifu ife na yenye nguvu ijulikane, hata mkewe akamtania kuwa ndiye mganga pekee anayewaloga wagonjwa wake.

Mwezi Februari 2025 madaktari walimkuta na saratani ya ini, naye akapanda jaribio la mwisho katika shamba la ukoo Mugamba, mbegu aliyoitumainia kando ya ngano dhaifu, akitaka kujua kabla hajafa kama inaustahimili ukungu, akawaachia majirani ulinzi. Nao, walipoona masuke yanaugua na mwenyewe yuko kitandani, walimhurumia, wakachanga, wakanunua dawa ya ukungu, wakapulizia shamba zima.

Tarehe 24 Mei Raïssa alimpeleka shambani kwa gari, naye mzee akakuta ngano yote imependeza, dhaifu na imara sawasawa, akawapa majirani mkono mmoja mmoja, akaonja bia yao ya ndizi, na njiani akalia. “Usiwakaripie, mama,” alimwambia binti yake, “walifanya juu ya upendo. Lakini siku ya kunizika, musiseme ngano yangu ilishinda.”

Alifariki tarehe 21 Juni 2025, na ingawa inatuuma, hatutasema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kamenge walioleta kuni na maji, ninyi wa Mugamba mliompenda kuliko mlivyoielewa kazi yake, na wenzake wa kazini, ambao leo tunawakabidhi mbegu hiyo, tukiwaomba muipande tena, na safari hii muiache iugue.

Pumzika kwa amani, baba Raïssa, ingawa umeondoka bila kujua.