Wasifu wa Mzee Kamba na Mistari ya Msimu wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na wanachama wa klabu, asanteni kwa kufika. Marehemu hakupenda kusemwa mahali asipokuwepo. Akiona watu wawili wameinamiana kibarazani, aliamini wanamjadili yeye, na tuseme kweli, mara nyingi hakukosea. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, fundi cherehani, kwa maagizo ya marehemu mwenyewe. Ndani yake mna jambo linalomhusu katibu wa zamani wa klabu ya tenisi, ambaye tangu mwezi wa sita jina lake limechafuka mtaani kwa kosa ambalo hakulifanya. Marehemu alitaka jina hilo lisafishwe leo, kabla hatujafukia kaburi. Tutafika hapo, tuvumiliane.

Mzee Kamba alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mlinzi kiwandani na mama alikuwa mshonaji. Mama alisimulia kwamba mtoto huyu hakunywa maziwa mpaka amwone yeye ameyaonja. Alipofika miaka saba alilifunga sanduku lake la gololi kwa uzi mweusi, mwembamba, ili mwizi akilifungua ajulikane. Siku moja uzi ukakutwa umekatika. Wadogo zake wanne tulipangwa, au tuseme walipangwa, ukutani wakahojiwa mmoja mmoja hadi chakula kikapoa. Baadaye baba akanasa panya chini ya kitanda, na vipande vya uzi vikakutwa tunduni mwake. Marehemu alimtazama sana yule panya, kisha akasema, "Huyu katumwa."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Mwalimu akiandika hesabu ubaoni, yeye aliipiga upya pembeni mwa daftari. Mtihani wa mwisho wa hesabu alipewa alama thelathini na nane kati ya arobaini. Nyumbani akazijumlisha, akapata thelathini na sita. Kesho yake akarudi shuleni kumwambia mwalimu apunguze mbili. Kwa hiyo wanaosema marehemu alishuku wenzake tu wanamwonea, kwani hata nafsi yake hakuiacha.

Mwaka 1968 aliajiriwa na idara ya barabara kama mshika kamba wa wapimaji, na jina likatokea huko. Kwa miaka thelathini alitembea na kamba begani na vigingi mkononi, akimpimia mhandisi na kisha kupima tena mhandisi akigeuka. Idara ilipopunguza watu mwaka 1998 alikaa nyumbani miezi minane, akawa anapima uzio wa jirani, hadi mkewe akamwambia atafute pa kwenda. Mei 1999 akapata kazi ya kutunza viwanja vya klabu ya tenisi ya jamii, nyuma ya maktaba. Viwanja vitatu vya udongo mwekundu, nyavu tatu, stoo moja na benchi moja.

Wanachama mnajua alivyofanya kazi. Kila msimu mpya ulipokaribia alipiga vigingi kwenye kona, akavuta kamba hadi ilie, akapima mita ishirini na tatu na sentimeta sabini na saba, akapima tena kutoka upande wa pili, ndipo akachora kwa chokaa na brashi. Klabu ilipotaka kununua kile kigari cha kuchorea mistari alikataa. Alisema kitu chenye magurudumu kinakwenda kinakotaka chenyewe. Mdogo wake naye alikuwa na kazi yake ya kila msimu, kushona upya utepe mweupe wa juu ya wavu, na kwa sababu hiyo alipewa ufunguo wa stoo. Huo ufunguo ndio uliomponza.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati ya karibu na soko. Kabla ya kuposa alimchunguza kwa miezi mitatu. Aliuliza dukani, akauliza kwa wapangaji wenzake, akahesabu anarudi saa ngapi kazini. Kumbe binti naye alikuwa amemtuma dada yake idara ya barabara kuuliza habari za mshika kamba. Mjane husema, "Tulikutana watu wawili tusioamini mtu, tukaona tuchungane." Wakachungana miaka arobaini na saba, wakajaliwa binti mmoja na mapacha wa kiume.

Mwaka 2023 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Aliuficha mfukoni. Akipewa chai na katibu wa klabu saa nne asubuhi, pale kwenye benchi walipokunywa pamoja kwa miaka ishirini na sita, alisubiri ipoe ili ainywe kwa mkono wa kushoto. Mkewe, muuguzi mzima, alijua ni ugonjwa gani. Yeye alidai ni baridi ya asubuhi. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba kamati ingeona na kumnyang'anya viwanja. Aprili mwaka huu katibu alisema kwenye mkutano, kwa nia njema kabisa, kwamba Mzee Kamba atafutiwe msaidizi. Marehemu alirudi nyumbani hakula. Akamwambia mdogo wake, "Kikulacho ki nguoni mwako. Yule ananitaka nitoke."

Sasa sikilizeni vizuri. Msimu mpya ulipangwa kufunguliwa Jumamosi, tarehe 7 Juni. Jumatano mchana marehemu alichora mistari. Mdogo wake alipopeleka wavu saa kumi na moja alikuta kaka ameshaondoka, na uwanja wa kwanza ukamtia simanzi. Mstari wa nyuma ulikuwa umeyumba, umenenepa hapa, umekatika pale, na ule wa pembeni uliacha kamba kabisa. Mpira wa kwanza tu ungeleta ugomvi, na ugomvi ungeleta kamati. Mdogo wake akafungua stoo, akavaa buti za mpira zilizokuwa mlangoni ili asiharibu viatu, akafagia mistari yote, akavuta kamba, akachora upya kabla giza halijaingia. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje kaka yake kwamba mkono wake umemwacha?

Mtu mwingine angekuta mistari yake imenyooka kuliko alivyoiacha, angemshukuru Mungu. Marehemu alipoikuta Alhamisi asubuhi alijua mara moja kuwa anahujumiwa. Kuna mtu anataka kuonyesha kuwa kazi inaweza kufanyika bila yeye! Akaifuta, akachora yake. Jioni mdogo wake akarudi, akafuta, akachora. Ila safari hii marehemu alikuwa amechekecha mchanga laini na kuumwaga langoni kabla ya kuondoka, na Ijumaa akakuta nyayo. Nyayo za buti za mpira. Zile buti zilikuwa za katibu, za kuvaa siku za mvua. Hakuuliza tena; aliiacha mistari ilivyo, akangoja Jumamosi.

Jumamosi viti vilijaa, mipira mipya ikafunguliwa. Katibu akasimama na karatasi ya mechi, akakaribisha wageni, kisha akasema anamshukuru Mzee Kamba kwa mistari iliyonyooka kuliko mwaka wowote. Alimsifu rafiki yake. Marehemu alisikia dhihaka, akainuka.

"Unanisifu kwa kazi yako mwenyewe? Unaingia humu jioni kama mwizi, unafuta jasho langu, halafu unanichekea mbele ya wageni?"

"Mimi, kaka?"

"Wewe. Nyayo zako ninazo."

Watu wakakumbuka ule mkutano wa Aprili, wakaanza kunong'ona. Katibu alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea, asipate. Akaweka karatasi mezani akaenda zake, na hajakanyaga klabuni hadi leo. Kamati ikachagua katibu mwingine. Muda wote huo mdogo wake marehemu alikuwa amesimama kwenye wavu, sindano mkononi, akishona utepe uliokwisha kushonwa. Alijiambia atasema jioni. Jioni ikawa kesho, kesho ikawa mwezi wa saba. Mtaani watu walipomwita katibu mnafiki, yeye alikuwepo, akaendelea kukanyaga cherehani. Kwa hilo anajionea aibu, na hana la kujitetea.

Marehemu alilazwa hospitali Jumatatu, tarehe 22 Septemba, kwa homa ya mapafu iliyomkuta mwili umeshachoka. Jumapili ya tarehe 5 Oktoba mdogo wake alivuta kiti karibu na kitanda.

"Kaka, ile mistari niliichora mimi."

Marehemu alihakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa. Kisha akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake, baada ya ule ufunguzi. Nilikaa peke yangu nikaitazama. Kila mstari ukifika mwisho umerudi nyuma kidogo, ukapita juu yake wenyewe. Nani anachora hivyo? Unafunga mshono kwenye udongo, wewe."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Muuguzi wa zamu alikuja akabadilisha chupa ya maji ya mshipa, marehemu akasoma maandishi ya chupa yote, ndipo akaendelea. Alisema alifika mlangoni kwa katibu mara mbili, Julai na Agosti. Mara zote mbili alisikia redio ndani, akashindwa kubisha.

"Nilimtukana mbele ya watu wote," alisema. "Nikimwomba msamaha chumbani, watu watabaki na lile la kwanza. Liandike kwenye wasifu wangu, ulisome siku ya kunizika."

"Na asipokuja?"

"Atakuja."

Mdogo wake alimjua miaka sabini na hakuwahi kumsikia akimwamini mtu kwa neno moja namna ile. Lakini msidhani alikuwa amegeuka malaika. Alishuku kwamba msomaji ataruka aya hizi, ndiyo maana zimechapwa kwenye ratiba mliyoshika, na mjane pale ana nakala yenye sahihi ya marehemu. Sahihi yenyewe imetetemeka, naye aliagiza isirekebishwe na mtu.

Kwa hiyo isikike na iandikwe. Katibu hakugusa mistari. Hakunyemelea kazi ya mtu. Mistari ilichorwa na fundi cherehani, mdogo wa marehemu, kwa buti zisizo zake. Marehemu aliligundua kosa lake tarehe 8 Juni na akalinyamazia miezi minne. Ndugu hawa wawili wanaomba radhi, mmoja akiwa amesimama hapa na mwingine akiwa amelala.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika ule mkono wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu sita, wadogo wanne, na rafiki mmoja. Rafiki huyo amekuja. Tangu asubuhi amesimama kule nyuma, karibu na lango, kofia mkononi, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Familia imemwekea kiti hapa mbele, kati ya mjane na mimi. Kaka, tunakuomba uje ukae na wafiwa wenzako. Hatutaanza kufukia mpaka ufike.

Mungu ampokee Mzee Kamba, ampe usingizi usio na wasiwasi.